Mkwaruzo wa Kulipia

Miaka thelathini na moja pale Mwanjelwa
kazi yangu ilikuwa kuua mkwaruzo.
Redio inaletwa imefungwa khanga kama mgonjwa,
nafungua mgongo, napuliza vumbi, nanusa
(ubovu una harufu, asikudanganye mtu),
nalehemu palipolegea
mpaka mtangazaji apate koo safi.

Sasa huyu Subilaga wa Uyole
amesimama mlangoni na gitaa lisilo na mfuko,
mwezi wa sita, ukungu umeshuka Loleza hadi kwenye mabati,
ananiambia: Fundi, nataka sauti ichafuke.

Ichafuke?

Ichafuke. Kama nyuki ndani ya debe.
Na iwe ya kukanyaga kwa mguu.

Alikuja na mchoro nyuma ya risiti ya mbolea:
transista mbili, vipingamizi vinne,
kapasita tatu, betri moja ya voliti tisa.
Nikacheka. Binti, hii ni amplifaya iliyolewa.
Akasema, ndiyo hiyo hiyo.

Transista nilizitoa kwenye redio ya marehemu Anyosisye,
zile za kizamani zenye kofia ya bati.
Redio imekaa rafuni miaka, hakuna aliyeidai.
Humo zilipita salamu, bei za kahawa, matangazo ya vifo,
na la kwake pia, nadhani, siku ile.
Sikumwambia Subilaga. Nilizipima tu,
ile yenye nguvu zaidi nikaiweka ya pili.

Kopo la biskuti halikufaa, lilibonyea kwa kisigino.
Nikachukua kasha la mita ya umeme iliyoungua,
nilikolipata usiniulize.

Akachomeka waya. Akakanyaga.

Bi Tumpe wa maparachichi akapaza sauti ng'ambo ya barabara:
Fundi! Spika imepasuka!

Mwaka jana tu, kwa neno hilo
ningefunga duka mapema kwa aibu.
Nikamjibu: Bado! Ndiyo kwanza naipasua!
Nikang'oa kapasita ya mlangoni, nikaweka kubwa zaidi,
na besi ikateremka
kama lori la magogo linaloshuka Mlima Nyoka kwa gia nzito.
Vikombe vya mama ntilie vikaitikia.
Subilaga hakucheka. Alifumba macho
na kuacha uzi mmoja ulie
mpaka ukakatika wenyewe, vipande vipande,
kama mtu anayesinzia katikati ya ugomvi.

Jumamosi akakipeleka Kyela, harusini.
Saa nane mchana simu inaita:
Fundi, kimekufa. Kinakohoa tu.
Hakijafa, nikasema, kimeona joto.
Hicho ni kizaliwa cha baridi, hakijui jasho.
Kiegemeze kwenye kreti la soda za barafu,
subiri nyimbo mbili.

Wimbo wa tatu simu ikaita tena. Hakusema kitu,
aliilaza tu juu ya spika.
Nikasikia vigelegele ndani ya mkwaruzo,
mkwaruzo ndani ya simu,
na simu nayo, mbovu, ikikwaruza ya kwake.
Uchafu juu ya uchafu juu ya uchafu,
na mimi, mkono uko kwenye bisibisi kwa mazoea,
sikuona pa kurekebisha.

Jumatatu nilitoboa tundu la tatu kwenye kasha.
Kipingamizi kimoja nikakitoa,
mahali pake nikafunga cha kuzungusha kwa vidole,
ili apime mwenyewe hali ya hewa
mpaka mita isome voliti nne na nusu.
Kwa ncha ya msumari nikachora upande huu MBEYA,
upande ule KYELA.
Katikati nilitaka kuandika Tukuyu,
msumari ukateleza. Nikaacha mchubuko.
Ukisimamisha kishale hapo, sauti inakuwa ya mvua.

Bado namdai elfu nane na debe la viazi.